Tofali Lililokaa Dirishani

Katika daftari la wafanyakazi wa kampuni ile ya ujenzi kulikuwa na safu ya ujuzi. Mbele ya mrusha matofali liliandikwa neno moja: hakuna. Aliyeliandika alikuwa amekaa ndani ya kontena lenye feni, hakutoka nje kumwangalia mtu anayemwandika, na neno hilo lilidumu pale miaka sita bila yeyote kuona kwamba ni tusi.

Wenzake walimwita Laini. Haikuwa kwa sababu ya tabia yake, maana ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe mpya. Ilikuwa kwa sababu ya matofali yake.

Matofali yakitakiwa kupanda ghorofani na mashine hakuna, ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuyabeba kichwani kwenye ngazi, manne manne, mpaka shingo iingie mabegani. Ya pili ni mtu mmoja asimame chini, mwingine asimame juu ya jukwaa la mbao, wa chini arushe, wa juu adake. Tofali likitoka mkononi linakwenda kwa haraka, kisha haraka hiyo inapungua, inapungua tena, hadi linafika mahali ambapo haliendi juu wala halijaanza kurudi chini. Linasimama hewani kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Warushaji husema hapo tofali limelala. Mrushaji mbaya hajali mahali pa kulala. Yeye hurusha tu, na mdakaji hupambana na tofali kama mtu anayezuia mbuzi mlangoni. Matofali ya Laini yalilala kwenye viganja vya mdakaji. Mdakaji aliyapokea kama mtu anayepewa kikombe.

Ustadi huo hakuzaliwa nao. Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na mitano, akiwa mdakaji, na mrushaji wake alikuwa kijana mwenye kifua aliyependa kusifiwa nguvu. Siku moja tofali lilipita katikati ya mikono ya Laini likamng'oa meno mawili na kumwachia kovu kidevuni. Alipopona aliomba ahamie chini. Kwa miezi kadhaa, kila baada ya kazi, alibaki kwenye ukuta mmoja ambao haukumalizika, amechora mstari wa mkaa juu yake, akirusha tofali mpaka lifike mstarini na lisiupite. Aligundua kwamba nguvu inatakiwa itoke magotini, maana mikono ina papara. Aligundua pia kwamba kuangalia juu kunaharibu: vumbi linaingia machoni, shingo inachoka, na mwili unaanza kubahatisha. Akaacha kuangalia. Wakati tofali moja liko hewani, macho yake yalikuwa tayari kwenye linalofuata. Watu walikuja kumtazama akifanya hivyo, naye akaona fahari, kama ambavyo mtu yeyote angeona.

Mtu asiyeangalia juu lazima ajue mikono ya mwenzake iko wapi. Kwa hiyo yeye na mdakaji wake walikuwa na desturi yao. Kila asubuhi, na kila wanaporudi kutoka mapumziko, kabla ya tofali la kwanza, Laini aliita akiwa ameinama: "Mikono?" Mdakaji alijibu kutoka juu: "Palepale." Au: "Juu shubiri moja." Au: "Chini kidogo." Baada ya hapo hawakusema kitu mpaka chakula.

Mdakaji aliitwa Glavu, kwa sababu alikuwa na glavu za ngozi pekee katika eneo lote la ujenzi na hakumwazima mtu. Alikuwa pia shemeji yake Laini, amemwoa mdogo wake wa kike. Laini ndiye aliyemleta kazini, na watu walitania kwamba alimwozesha dada yake ili apate mtu wa kudaka. Glavu alikuwa mtu mzuri mwenye kasoro moja, nayo ilikuwa kubwa: akikasirika, alinyamaza. Hakupiga, hakutukana, hakuondoka nyumbani. Alikaa kimya siku mbili, siku tatu, akila chakula alichopikiwa na kuangalia ukuta.

Ijumaa moja mdogo wake Laini alifika kwa kaka yake na mfuko wa nguo. Nyumba ya Laini ilikuwa vyumba viwili. Kimoja kililaliwa na yeye na mkewe, fundi cherehani, na kingine kilikuwa cha mabinti wawili na cherehani yenyewe. Shangazi mtu alipangwa upande wa cherehani. Laini alipomuuliza kilichotokea, alisema mumewe amefikisha siku ya tano bila kusema neno, na sababu haijui, maana wa kuisema ndiye huyo aliyenyamaza. Alisema afadhali apigiwe kelele. Alisema amechoka kuishi na kabati.

Jumapili asubuhi Glavu alikuja kumchukua mkewe. Alisimama mlangoni, akasalimia, kisha akakaa kimya, akitazamia kwamba kuja kwake kunatosha. Laini akamwambia, kwa sauti iliyosikika mpaka bombani ambako majirani walikuwa wakichota maji, kwamba dada yake hakuokotwa.

"Nenda kalete maneno," alisema. "Ukija tena hapa mikono mitupu, bila maneno, utanitambua."

Glavu aligeuka akaondoka. Bombani watu waliendelea kuchota maji polepole sana.

Jumatatu wote wawili walifika kazini mapema. Glavu alivaa glavu zake, akapanda ngazi. Laini alisimama mbele ya rundo la matofali, akainama, akashika la kwanza. Hakuita. Juu hakukutoka sauti. Magoti yalikunjuka, tofali likatoka. Alikuwa ameshashika la pili na mikono yake inaliachia aliposikia ukelele. Tofali la kwanza lilimpiga Glavu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, likateleza hadi kwenye shavu, likaanguka mchangani karibu na miguu ya Laini. Glavu alikaa juu ya mbao, ameushika mkono wake, na hata wakati huo, baada ya ule ukelele mmoja, hakusema kitu.

Mfupa ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Hospitali walimfunga plasta kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko.

Kufikia mchana kila mtu alikuwa na hadithi kamili. Habari za bombani zilikuwa zimefika kazini kabla hata ya gari la kumpeleka majeruhi. Msimamizi wa ujenzi, mtu wa haraka haraka mwenye miwani ya jua aliyoivaa hata ndani ya kontena, alimsimamisha Laini palepale. Alisema tofali haliwezi kuvunja mkono wa mtu mwenye glavu za ngozi kama halikurushwa kwa nguvu maradufu, na kwamba mtu anayegeuza vifaa vya kazi kuwa silaha ya ugomvi wa kifamilia hafai. Akaongeza kwamba atahakikisha hakuna kampuni nyingine inayompokea. Upande ule wa jengo ukazungushiwa utepe, kazi ikahamia nyuma, na mkaguzi wa usalama akaarifiwa kama sheria inavyotaka.

Nyumbani, mdogo wake alikaa juu ya kiti cha cherehani akamngoja. Alipoingia hakumsalimia.

"Kaka, niambie ukweli. Ulikusudia?"

Laini alivua viatu vyake kwanza. Kisha akasema: "Sijui."

Mke wa Laini alisema huyo si mtu wa kufanya hivyo, wanajuana miaka ishirini. Lakini dada mtu alikuwa amesikia jibu lile na hakutaka lingine juu yake. Alisema kama kaka yake amemvunja mume wake kwa kusudi, hawezi kurudi kwa mume, atamtazamaje. Na hawezi kukaa kwa kaka, atamtazamaje. Siku tatu zilizofuata, katika vyumba vile viwili, watu walipishana kama wageni kituoni. Laini alikaa nje akiangalia mikono yake. Aliwaambia watu wote kwamba hakukusudia, isipokuwa wale waliomuuliza kwa upendo. Hao hakuweza kuwadanganya. Asubuhi ile alikuwa na hasira, alikumbuka. Hakuweza kukumbuka kama hasira ile ilibaki kifuani au ilishuka magotini.

Mkaguzi alifika Alhamisi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vya kazi vilivyochakaa kuliko vya mafundi, aliyewahi kufundisha fizikia sekondari kabla ya kuhamia ukaguzi. Hakuingia kwenye kontena. Alikwenda moja kwa moja kwenye utepe, akauliza mrushaji yuko wapi, akaambiwa amesimamishwa. Akasema basi aitwe, yeye hapimi mtu asiyekuwepo.

Laini alikuja na kandambili, akarudishwa kuvaa viatu. Mkaguzi alining'iniza futi ya kupimia kwenye nguzo ya jukwaa, akamwambia arushe matofali ishirini kama anavyorusha siku zote, juu kukiwa hakuna mtu, yarudi yenyewe kwenye mchanga. Yeye alisimama kando na simu yake akihesabu muda: tangu tofali linapoachiliwa mpaka linaporudi kwenye usawa uleule lilipotoka. Laini aliinama, akarusha, akarudi hatua moja nyuma, akainama tena. Matofali kumi na nane yalipanda mita tatu na sentimita ishirini juu ya mikono yake. Mawili yalipungukiwa na upana wa vidole viwili. Kila moja lilichukua sekunde moja na sehemu sita za kumi, kwenda na kurudi.

Mkaguzi aliazima penseli ya fundi mwashi, akaandika juu ya ubao. Msimamizi na mafundi walisogea. Alieleza bila kuinua sauti, kama mtu aliyewahi kuwaeleza hayo hayo watoto mia tano.

Kitu kikirushwa juu, alisema, dunia inakivuta, na kila sekunde inayopita inakipunguzia kasi ya mita kumi kwa sekunde. Kwa usahihi zaidi ni tisa nukta nane, lakini hapa kumi inatosha. Muda wa kupanda na muda wa kushuka ni sawa, kwa hiyo tofali hili limepanda kwa sehemu nane za kumi za sekunde. Katika muda huo dunia imelinyang'anya mita nane kwa sekunde, ndipo likaishiwa na kusimama. Basi lilitoka mikononi na kasi hiyo hiyo: mita nane kwa sekunde. Ukitaka kuhakikisha kwa njia nyingine, chukua urefu, zidisha kwa kumi, zidisha kwa mbili, utapata sitini na nne, na kipeuo chake cha pili ni nane.

"Leo anajua anapimwa," msimamizi alisema. "Jumatatu alikuwa na hasira zake. Jumatatu alirusha mara mbili ya hapo."

"Kasi ikizidi mara mbili, urefu unazidi mara nne," mkaguzi alijibu. "Lingefika mita kumi na mbili na zaidi. Jengo lako lina ghorofa ngapi?"

Mafundi walicheka. Msimamizi alisema maradufu ni namna ya kusema tu, hata ingekuwa robo zaidi, mkono ungevunjika. Na hapo alikuwa na hoja. Mkaguzi hakubishana naye. Alinyoosha kidole juu, upande wa kushoto wa jukwaa, kwenye tundu la dirisha ambalo halikuwa na fremu bado. Kwenye kizingiti chake cha chini lilikaa tofali moja zima.

Aliuliza nani ameliweka pale. Fundi mwashi alisema si yeye. Jumatatu walikuwa hawajaanza, hata saruji ilikuwa haijachanganywa, na tangu hapo upande huo umefungwa. Mwingine alisema labda limetoka na lile lililomvunja Glavu. Hapo Laini akakumbuka. Akasema alirusha mawili. La pili lilikuwa linatoka mkononi wakati alipousikia ukelele, mshtuko ukalipeleka kando kidogo, na katika ile tafrani hakuna aliyeuliza lilikoenda. Mkaguzi alipanda ngazi. Aliligusa, akaona limekaa na upande wenye kishimo juu, kama Laini anavyoyarusha yote. Halikuwa na ufa. Akapima kutoka pale Laini alipoachilia mikono mpaka kizingitini: mita tatu na sentimita ishirini, kasoro kidogo.

Tofali lililorushwa kwa hasira, alisema akishuka, lingepita juu ya kizingiti kile, lirudi chini kwa kasi, lipasuke. Hili lilifika hapo likiwa limeishiwa. Lililala.

Mafundi walitazamana kwa kusikia mkaguzi akitumia neno lao.

"Sasa niambieni," aliendelea, "kama tofali lilikwenda lilikokwenda siku zote, mikono ya mdakaji ilikuwa wapi?"

Alipima kutoka mikono ya Laini hadi mahali ambapo mtu aliyesimama kwenye mbao angeweka viganja vyake. Akapata mita mbili na sentimita arobaini. Zilipungua sentimita themanini. Kwenye nguzo, hatua moja juu ya mbao, kulikuwa na alama safi, isiyo na kutu, mahali ambapo vibano vilifungwa zamani. Akauliza nani alishusha jukwaa. Msimamizi alisema ni yeye aliyeagiza, Jumamosi jioni baada ya watu kuondoka, kwa sababu mafundi walikuwa wanainama sana. Aliulizwa amemwambia nani. Akasema mbao zinaonekana, kila mtu ana macho.

Mkaguzi alimgeukia Laini. "Na wewe hukuona?"

"Mimi siangalii juu, mama."

"Tangu lini?"

"Miaka ishirini na miwili." Alianza kulisema kwa ile fahari yake ya siku zote, lakini lilipofika mwisho sauti ilikuwa imeshuka.

"Unajuaje mikono iko wapi?"

"Naita. Ananijibu."

"Jumatatu uliita?"

Laini alisema hapana.

Mkaguzi alirudi kwenye ubao. Tofali lililotoka na kasi ya mita nane, likipanda mita mbili na arobaini, bado lina kasi ya mita nne. Mdakaji alizoea kulipokea baada ya sehemu nane za kumi za sekunde, likiwa halina kasi yoyote. Siku ile lilimfikia baada ya sehemu nne, nusu ya muda wake, mikono haijafunguka. Mfupa ulivunjikia kwenye sentimita themanini ambazo hakuna aliyemwambia mwenzake. Aliandika katika taarifa yake kwamba jukwaa limebadilishwa bila wafanyakazi kuarifiwa, na jina la aliyeagiza. Aliandika pia kwamba mrushaji haruhusiwi tena kurusha bila kuangalia. Msimamizi alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

Kila mtu alipoanza kuondoka, Laini alibaki karibu na ubao, akitazama zile namba za penseli. Alimwuliza mkaguzi jambo ambalo alikuwa amelibeba tangu Jumatatu.

"Kwa hiyo, mama, hasira yangu haikuingia mkononi?"

"Mkono wako ulifanya kazi ya kila siku. Mimi nimepima mkono tu. Mengine siyapimi."

Lakini kabla ya kuondoka aliomba daftari la wafanyakazi, kwa kuwa taarifa ilihitaji maelezo ya mhusika. Aliiona safu ya ujuzi, akalisoma lile neno, akamtazama karani wa kontena. Katika taarifa yake aliandika: hurusha kwa kasi ya mita nane kwa sekunde, tofauti kati ya tofali na tofali haizidi vidole viwili. Nchi ina watu wengi waliosomeshwa wasioweza kuandikiwa sentensi kama hiyo. Daftari lenyewe halikurekebishwa, nimeuliza.

Jioni ile Laini alikwenda kwa Glavu pamoja na mdogo wake. Glavu alikuwa peke yake, amekaa kitandani, mkono umeegeshwa juu ya mto, shavu limevimba. Chumba kilionyesha kwamba mtu wa mkono mmoja amejaribu kukifagia. Laini alieleza hesabu yote: mita nane, dirisha, sentimita themanini. Hakuruka sehemu yake mwenyewe. Alisema alinyamaza kwa makusudi, alitaka shemeji yake ndiye aanze, kama alivyomwambia mlangoni alete maneno. Alisema kurusha hakukusudia, kunyamaza alikusudia.

Glavu aliangalia ukuta. Mkewe, aliyekuwa bado amesimama na mfuko wake wa nguo, alikuwa anaanza kugeuka kuelekea mlangoni.

"Niliona," Glavu alisema.

Laini aliuliza aliona nini.

"Jukwaa. Nilipofika juu tu nikaona limeshuka. Nikasema moyoni, akiita nitamwambia. Asipoita, na mimi simwambii." Aliusogeza mkono wenye plasta juu ya mto. "Halafu nikasikia magoti yako yakilia, nikajua linakuja, na bado nikanyamaza."

Mkewe aliweka mfuko chini. Alisema hayo ni maneno mengi kuliko aliyoyasikia tangu mwezi uanze, na kama ingejulikana kwamba dawa yake ni tofali, angelitafuta mapema. Glavu alitaka kucheka, shavu likamkatalia. Kisha, kidogo kidogo, kama mtu anayetembea juu ya mbao asizoziamini, alianza kumweleza mkewe kilichomkasirisha wiki ile. Kilikuwa kitu kidogo sana. Laini alitoka nje kwa adabu, akakaa barazani, akasubiri mpaka akaona hakuna haja ya kusubiri, akarudi nyumbani peke yake.

Plasta iliondolewa baada ya wiki nane. Katika wiki hizo Laini alichanganya saruji, maana alikataa kurushia mtu mwingine, na mshahara wa msimamizi haukupungua hata kidogo. Asubuhi Glavu aliporudi, alipanda ngazi polepole, akavaa glavu zake, moja ikiwa na mshono mpya wa cherehani ya mke wa Laini. Laini aliinama mbele ya rundo, akashika tofali.

"Mikono?"

"Chini kidogo. Huu wa kulia haujanyooka."

Laini alinyanyua kichwa, akakunja jicho kwa sababu ya vumbi, akaiangalia ile mikono. Aliiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakunja magoti, akarusha. Tofali lilipanda, likachoka, likalala.

"Umeangalia," Glavu alisema kutoka juu, kwa sauti ya mtu anayemshitaki mwenzake.

"Nimeangalia. Daka, acha maneno."